Wakili wa makampuni au wakili wa mazingira: nani umkabidhi jalada lako Arusha na Moshi

Kampuni yetu ilisajiliwa bila dosari. Katiba yake ilikuwa safi, hisa zimegawanywa 60 kwa 40 kati yangu na shemeji yangu, namba ya mlipakodi ilitoka mapema, na mkataba wa kununua zile ekari mbili karibu na Usa River ulijaa mihuri. Kilichotuponza ni mita 19.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Banda letu la kwanza la wageni lilikuwa mita 41 kutoka kijitoni. La pili halikuwa mbali zaidi. Mkaguzi alipokuja na futi kamba yake hakuuliza habari ya hisa wala katiba ya kampuni. Tuliyabomoa yote mawili kwa gharama zetu, na wageni waliokwisha kutanguliza malipo tukawarudishia fedha zao.

Wakili aliyetuandalia mambo yale hakuwa tapeli, wala hakuwa mvivu. Alifanya kila tulichomwomba, na alikifanya vizuri. Shida ni kwamba sisi tulimwomba kampuni, yeye akatupa kampuni, na mto haukuwa kwenye mazungumzo. Baadaye nilimpelekea jalada lile lile wakili mwingine, mama mmoja mwenye ofisi Moshi. Alifungua kurasa tatu, akavua miwani, akasema: "Kaka, karatasi zako ni nzuri. Sasa niambie, maji yako wapi?"

Tangu siku ile ndugu na jamaa wananiuliza swali moja: ukiwa na biashara au ardhi huku kwetu, umwendee wakili wa makampuni au wa mazingira? Jibu linategemea jalada. Ila kabla ya jalada kuna jambo la kuelewa kuhusu mawakili wenyewe.

Kwenye orodha wote ni sawa

Tanzania Bara haina leseni ya "uwakili wa mazingira" wala ya "uwakili wa makampuni". Orodha ya mawakili ni moja. Mtu anasoma shahada ya sheria, Dar es Salaam au hapa hapa Makumira, kisha anapita Shule ya Sheria kwa Vitendo. Ile si njia ya mteremko: matokeo yaliyozua gumzo mwaka 2022 yalionyesha kuwa kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Akimaliza anakubaliwa na Jaji Mkuu, jina linaingia kwenye orodha, na kila mwaka anahuisha cheti chake cha kufanya kazi. Basi. Kuanzia hapo anaweza kusimama kwenye talaka Jumatatu, mkopo wa benki Jumanne na kesi ya mto Jumatano, na sheria haimzuii.

Kwa hiyo maneno "mtaalamu wa sheria za mazingira" kwenye kadi yake ameyaandika mwenyewe. Hakuna aliyemtahini. Sisemi ni uongo. Ninasema kitakachokuonyesha kama ni kweli ni historia yake ya kazi tu, na historia hiyo inabidi uisome wewe.

Hatua ya kwanza haina mjadala: ingiza jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama yuko hai kwenye orodha. Mwanasheria na wakili si kitu kimoja. Mwenye shahada ya sheria anaweza kuwa na kichwa kizuri kuliko wote, lakini kama hajaapishwa hawezi kukuwakilisha. Na vishoka wapo, hasa wale wanaokaa karibu na mahakama na maofisi ya ardhi na mhuri mfukoni. Anayekasirika unapomtafuta kwenye mfumo amekusaidia kuchagua.

Wa makampuni anatoka wapi

Mara nyingi utakuta alianzia kwenye ofisi kubwa ya mawakili Dar es Salaam, au idara ya sheria ya benki, au kampuni ya bima. Wengine walikuwa makatibu wa kampuni. Ana shahada ya pili ya sheria za biashara au kodi. Amerudi Arusha kwa sababu mji huu una kazi yake: kampuni za utalii, loji, wageni wanaotaka ubia na wenyeji, mashamba ya maua, wachimbaji wanaotaka kugeuka kampuni. Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu ina masjala Arusha, kwa hiyo si lazima apande basi kila kesi ikitajwa. Moshi kazi yake ni tofauti kidogo: kampuni za familia, vyama vya ushirika vya kahawa, majengo ya urithi yanayotaka kugeuzwa hoteli.

Vyumba anavyovijua ni BRELA (wakala wa usajili wa makampuni), TRA, benki, Tume ya Ushindani. Sheria anayolala nayo ni Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Ukimpa kampuni ya kununua atafanya upekuzi BRELA, ataangalia nani mkurugenzi, nani ameweka hisa zake rehani, taarifa za mwaka zimewasilishwa au zimelala. Tangu mwaka 2020 atauliza pia wamiliki manufaa, yaani nani hasa anayefaidi nyuma ya majina yaliyoandikwa. Wakili asiyeuliza hilo leo amebaki nyuma, hata kama ofisi yake ina kapeti.

Uhodari wake ni tarehe na maneno. Anajua kifungu kimoja kilicholegea kinaweza kukugharimu miaka mitano. Anajua kumtoa mwanahisa mkorofi bila kuua kampuni. Na kuna pahali hisa na ardhi vinagusana ambapo namwamini kuliko mwingine yeyote: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaihesabu kampuni ambayo wanahisa wake wengi si raia kuwa si raia nayo, na asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa utaratibu wa mamlaka ya uwekezaji. Nimeona watu wawili Arusha waliomuuzia rafiki Mzungu asilimia 51 ya kampuni kwa furaha, bila kujua wamegusa na kiwanja kilicho ndani yake.

Udhaifu wake? Ardhi kwake ni karatasi. Hati ikiwa safi, ardhi ni safi. Haendi shambani, na akienda anakaa kwenye gari. Mfongo, yaani mfereji wa maji unaopita katikati ya shamba, ule uliochimbwa na mababu na wenye zamu zake za maji, hauko kwenye hati, kwa hiyo kwake haupo. Mwulize mtu wa Old Moshi kama mfongo haupo.

Wa mazingira anatoka wapi

Huyu njia zake ni nyingi zaidi. Wapo waliotoka kwenye asasi, na hapa jina la kwanza ni LEAT, timu ya wanasheria watetezi wa mazingira iliyoanzishwa mwaka 1994. Humo walipita watu ambao nchi nzima inawajua: Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, wote wawili wakaja kuwa marais wa Chama cha Mawakili Tanganyika kwa nyakati tofauti. Lissu alichaguliwa hapa hapa Arusha, Machi 2017. Wapo waliotoka serikalini: idara za sheria za NEMC (baraza la mazingira la taifa), TANAPA yenye makao yake Arusha, au mamlaka ya Ngorongoro. Na wapo ambao hawakukusudia. Walianza na kesi moja ya kijiji na mwekezaji, wakaishinda, ya pili ikaja yenyewe.

Usidharau kundi la waliotoka serikalini. Mtu aliyekaa miaka ndani ya ofisi inayotoa vyeti anajua jalada linakwama meza gani na kwa nini. Muulize tu aliondoka lini na anashughulikia nini sasa, kwa sababu hutaki atumie kwako siri za meza ya jana, wala hutaki ya kwako yatumike kesho.

Mizizi ya kazi yake ni mirefu kuliko sheria yenyewe. Mwaka 1988, miaka 16 kabla ya Sheria ya Mazingira, mkazi mmoja wa Tabata, Joseph Kessy, na wenzake walishaishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwafukiza moshi, na Mahakama Kuu ikasimama upande wao kwa kutumia haki ya kuishi iliyo kwenye Katiba. Sheria ya 2004 ikaja kuliandika waziwazi: kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na anaweza kwenda mahakamani kuitetea. Kwa sisi wa kaskazini kesi ya kukumbuka ni ya barabara ya Serengeti. Asasi moja ya Nairobi ilifungua shauri mwaka 2010 kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, na Juni 2014 mahakama ikaizuia serikali kujenga barabara ya lami kukatiza hifadhi. Hukumu ile ilisomwa mwendo wa dakika chache kutoka stendi ya daladala, na wengi wetu tuliisikia redioni kama habari ya nchi nyingine.

Vyumba anavyovijua huyu ni mkutano mkuu wa kijiji, ofisi ya mtendaji, Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani pale Moshi, wataalamu wa Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Anajua kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2018 miradi imegawanywa kwa makundi, na kwamba mradi wako kuangukia kundi A au B2 ni tofauti ya miezi na mamilioni. Anajua kuuliza cheti cha mazingira kimetolewa kwa jina la nani, hasa kama unanunua loji iliyokwisha kujengwa. Anajua Sheria ya Ardhi ya Vijiji: ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ikitaka kuhamishwa, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kukubali au kukataa, ikizidi hapo inakwenda kwa Waziri. Mwenyekiti kusaini peke yake chini ya mwembe si mkutano.

Ana viatu vya shamba kwenye buti la gari. Hiyo ni dalili ndogo lakini sijawahi kuiona ikinidanganya.

Udhaifu wake ni wa aina nyingine. Baadhi yao wamezoea vita, na kila jalada wanalitazama kama vita. Wewe unataka kuuza nusu ya shamba umalize ada za watoto, yeye anaona kesi ya mfano itakayosomwa vyuoni. Wengine hawajawahi kufunga mauzo hata moja tangu waapishwe. Hawajui kodi ya ongezeko la mtaji inaingia wapi, na mkataba wao wa ubia unasomeka kama tamko la asasi. Nilimsikia mmoja akisema "mambo ya hisa ni ya kiuhasibu". Mimi ni mhasibu. Nilinyamaza, lakini nilihuzunika.

Na jambo moja zaidi, kwa kuwa watu huchanganya: kazi kubwa ya mazingira huku kwetu haikufanywa na mawakili peke yao. Edward Loure, aliyepewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2016, alisifiwa kwa kuzisaidia jamii za wafugaji na Wahadzabe kupata hati za kimila za pamoja, kwa zaidi ya ekari 200,000. Ile ni kazi ya mikutano, ramani na uvumilivu. Wakili wa mazingira mzuri anajua lini akae pembeni watu kama hao wafanye kazi.

Kalenda ndiyo inayowatenganisha kweli

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoelewa kwa nini historia ya mtu si mapambo.

Tuseme halmashauri imeamua kupitisha kitu kwenye ardhi yenu au kwenye chanzo chenu cha maji. Wakili yeyote mzuri atakwambia ukitaka kuishtaki serikali lazima utangulize notisi ya siku 90. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 hata kesi dhidi ya halmashauri zinafuata njia hiyo, Mwanasheria Mkuu anaunganishwa, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Wakili wa makampuni anajua hili, anaandika notisi, anaweka tarehe kwenye kalenda, anasubiri kwa utulivu.

Sasa sikia upande wa pili. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unampa mkazi miezi miwili tu kufungua shauri kwenye mahakama ya Jumuiya, tangu kitendo kilipofanyika au alipokifahamu. Miezi miwili ni siku 60 na kidogo. Anayengoja siku zake 90 ziishe ndipo afikirie mlango ule mwingine, atakuta umefungwa mwezi mzima uliopita. Na mahakama ile haikudai kwanza umalize mahakama za nyumbani. Aliyewahi kupita njia hiyo anajua hili bila kufungua kitabu, na anakuuliza siku ya kwanza: "Mlijua lini? Nani alisema, na kuna karatasi?" Asiyewahi kupita atalijua baadaye, kwa hasara yako.

Mlango wa tatu, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, nao uko Arusha. Ndiko Waogiek wa Kenya waliposhinda Mei 2017 kuhusu msitu wa Mau. Lakini Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda huko moja kwa moja. Wakili anayekuahidi mwaka huu kwamba atalipeleka jalada lako jipya pale, kana kwamba hakuna kilichobadilika, muage kwa heshima.

Aliyebeba vyote viwili

Wapo wachache. Kwenye wasifu utasoma "sheria za makampuni na mazingira" na utadhani ni mtu anayetaka kushika kila kitu. Wakati mwingine ni hivyo hivyo. Lakini kuna kazi ambazo zinamtaka mtu wa namna hii na hakuna mwingine, na kubwa ya siku hizi ni biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti na malisho.

Tangu kanuni za biashara ya kaboni zilipotoka mwaka 2022, wageni wenye kompyuta mpakato wamekuwa wakizunguka vijiji vya wafugaji na vya misitu. Mkataba wanaouleta ni wa biashara: una mgawo wa mapato, kodi, kuvunjwa kwa mkataba, usuluhishi. Lakini kinachouzwa ni namna watu watakavyotumia malisho na miti yao kwa miaka mingi. Mwenyekiti wa kijiji anakaa madarakani miaka mitano, mkataba unakaa zaidi yake mara kadhaa. Mpe mkataba huo wakili wa makampuni peke yake, atakupigania asilimia na kusahau kuuliza ng'ombe watapita wapi wakati wa kiangazi. Mpe wa mazingira peke yake, atauliza ng'ombe, halafu mapato yatapigiwa hesabu baada ya kutolewa "gharama" ambazo hakuna aliyezitafsiri.

Ukikutana na anayesema anabeba vyote viwili, mwombe akusimulie jalada moja lililokuwa na pande zote mbili, bila kutaja majina. Asiye na jalada hilo ataanza kukueleza semina. Mwenye nalo ataanza kulalamika, kwa sababu majalada ya namna hiyo yanachosha, na mtu hasahau kilichomchosha.

Kisha muulize nani mwingine anamwakilisha. Arusha ni mji mdogo. Wakili aliyefanya kazi ya makampuni na ya vijiji amekula kwenye meza mbili, na kanuni za maadili ya mawakili haziruhusu ale zote mbili kwa wakati mmoja kwenye jambo lile lile. Yule mama wa Moshi alinijibu kabla sijamaliza swali: alitaja kwamba jirani yangu wa juu ya kijito alishakuwa mteja wake, jambo lenyewe liliisha, na kama ningekuja kugombana na huyo jirani asingenisimamia. Hapo ndipo nilipomwamini.

Kusoma wasifu bila kupumbazwa

Shahada ya pili ya Uingereza au Uholanzi ni nzuri, lakini inakwambia alichosoma. Angalia vitenzi. "Amehudhuria", "ameshiriki", "ni mwanachama wa" ni vitenzi vya kukaa kitini. "Amesimamia", "ameandaa", "amewakilisha" ndivyo vya kazi. Mkutano AICC, kile kituo chetu cha mikutano ya kimataifa, si uzoefu, na hapa Arusha nusu ya mji imeshahudhuria mkutano AICC.

Halafu fungua tovuti ya TanzLII, hukumu zimewekwa humo bure, utafute jina lake. Kwa wakili wa mazingira ukimya ule ni swali: kama amefanya kazi ya mito na vijiji miaka kumi na hajaonekana kwenye hukumu hata moja, akueleze alikuwa wapi. Anaweza kuwa na jibu zuri, kwamba alikuwa mshauri au alimaliza mambo nje ya mahakama. Ukimpata kwenye hukumu, angalia zilivyoisha. Kushindwa si aibu. Ila ukiona mashauri yake yanaondolewa kila mara kwa pingamizi la awali, kiapo kibovu hapa, notisi haikutolewa pale, ujue kisu chake hakina makali.

Kwa wakili wa makampuni kipimo hicho hakifai. Mikataba yake mizuri ndiyo ile ambayo hakuna aliyewahi kuigombania, kwa hiyo jina lake kutoonekana kunaweza kuwa sifa. Huyo muulize wateja wa kawaida, hasa wahasibu. Sisi tunajua ni wakili gani anatuachia karatasi zinazolingana.

Basi, jalada lipi kwa nani

Unauza au kununua hisa za kampuni ya utalii isiyo na ardhi, magari na jina tu: wa makampuni, usipoteze muda. Mkopo wa benki, mgogoro wa wakurugenzi, ubia na mgeni: yeye tena. Kiwanja kinachogusa mto, chemchemi, msitu au mpaka wa hifadhi: anza na wa mazingira, hata kama ni nusu ekari, na umpeleke aone kwa macho kabla hujatoa hata shilingi ya arabuni. Shamba linalochota maji kutoka mfereji au mto: wa mazingira, kwa ajili ya kibali cha kutumia maji chini ya Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009. Kijiji kinacholetewa mkataba na mwekezaji: aliyebeba vyote viwili, na kama hayupo, chukueni wawili.

Kununua loji nzima, kampuni na majengo, kunataka wote wawili, ila kwa mpangilio. Wa mazingira kwanza, kwa kazi fupi yenye mwisho: vyeti, umbali wa maji, masharti yaliyoandikwa kwenye cheti na kama yanatekelezwa. Akisema pakavu, ndipo wa makampuni aanze kuandika. Sisi tulianza na wa pili na hatukufika kwa wa kwanza.

Kihamba cha baba, lile shamba la ukoo, mnachogombania ndugu watano hakimhusu yeyote kati yao. Hapo mtafute wakili wa mirathi mwenye subira, au kaeni na wazee kwanza. Na kama huna fedha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo, na zipo asasi zinazosaidia bure, Arusha na Moshi.

Malipo yanatofautiana kwa tabia zaidi ya bei. Wa makampuni atakutajia kwa saa au kwa asilimia ya thamani ya mauzo. Wa mazingira hupenda kulipwa kwa hatua: upekuzi, ziara, barua, shauri. Kwa vyovyote ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, kwa hiyo usione haya kuuliza kiwango kimetoka wapi. Taka barua ya makubaliano na risiti ya mashine. Wakili anayekuandikia mikataba ya watu siku nzima asishindwe kuandika wake.

Sasa tunataka kununua kipande kingine, upande wa pili wa barabara. Wakili wa kwanza bado ndiye anayetushikia kampuni, na sina kinyongo naye. Jalada la ardhi liko Moshi kwa yule mama. Wiki iliyopita nilimtumia picha za kijito, kimekauka hadi unaweza kukivuka na kandambili. Akanijibu kwamba hataki hizo. Ningoje masika yapambe moto, nirudi nipige picha tena kutoka pale pale, ndipo aje na futi kamba.